Roddy hakuwa mjinga

Mwanangu,

Sisi hapa nyumbani hatujambo. Kumbe umeshaitazama *Downhill*, filamu bubu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1927, na sasa unaniuliza kwa hasira: kwa nini Roddy, yule mwanafunzi, hakusema tu kwamba si yeye aliyempa mimba Mabel, mhudumu wa mgahawa?

Alikuwa amemwahidi rafiki yake Tim, mwenye kosa lenyewe, kwamba hatamtaja. Yule Mabel alimsingizia Roddy kwa kuwa baba yake ni tajiri, hali Tim ni mtoto wa mchungaji, na bila ufadhili Oxford angeisikia tu. Roddy akapima, akanyamaza. Lakini ni mtoto bado: anafukuzwa shule, na kinachomuuma ni kama ataruhusiwa kuchezea timu ya wanafunzi wa zamani! (Ivor Novello anayemwigiza alikuwa na miaka 34. Mimi hucheka kila nikimwona na ile kofia ya shule.)

Lawama mimi namtwisha baba. Mwana anarudi nyumbani anasema hana hatia, mzee anamwita mwongo, yameisha. Hata swali moja hakuuliza. Kutoka hapo Hitchcock anamteremsha kijana kweli kweli, kwa ngazi za umeme za kituo cha treni cha Maida Vale, London. Miaka mingi baadaye alimwambia Truffaut, mwongozaji filamu Mfaransa, kwamba ile ilikuwa ishara ya kitoto. Na iwe. Ndiyo picha ninayoikumbuka kuliko zote.

Halafu nitajie dhambi zake. Anarithi pauni 30,000, anamwoa Julia, mwigizaji, ambaye anazitafuna mpaka zinakwisha. Huko Paris anacheza dansi kwa malipo na wanawake waliomzidi umri. Marseille tunamkuta mgonjwa, anaweweseka, hana kitu. Amepotea, sikatai, ila niambie ni nani aliyemdhulumu.

Mwisho ndio unaonikera. Baba ameshaujua ukweli, anaomba msamaha kwa maneno mawili matatu, na mara kijana yuko uwanjani anacheza raga kana kwamba alikuwa likizo. Ingekuwa filamu yangu, raga ingesubiri. Roddy angekaa na mzee wake amsimulie yote, mpaka ya Marseille, na mzee asimkatize.

Mama yako