Homa imekata, mbona hawamruhusu?

SWALI: Daktari, mdogo wangu ana miaka 23 na ana tatizo la valvu ya moyo tangu utotoni. Aliumwa homa mwezi mzima hapa Nansio, akatibiwa malaria, kisha taifodi kwa sindano tano. Sasa amelazwa Mwanza, wanasema valvu ina bakteria na atakaa wiki sita. Homa ilikata siku ya nne. Kila siku anakuja daktari mwingine: wa moyo, wa maabara, wa meno, juzi wa figo. Je, hawajui anaumwa nini? Siwezi kumrudisha amalizie sindano duka la dawa la jirani? (Dada wa Ukerewe)

JIBU: Dada yangu, usimwondoe. Hilo kwanza.

Homa kukata ndiko kunakowaponza watu. Bakteria wa kwenye valvu hujikusanya, damu ikagandia juu yao, likawa tonge dogo linaloning'inia pale valvu inapofunguka na kufunga. Ndani ya tonge hilo hakuna mshipa wa kupeleka dawa, na baadhi ya bakteria wamelala, hawazaliani, ilhali dawa nyingi humpata yule anayezaliana. Wa nje hufa mapema, homa ikashuka, mgonjwa akaanza kudai ugali na sato. Wa ndani bado wapo. Ukikatisha siku ya kumi wataamka, na safari hii huenda wakaitoboa valvu yenyewe. Ndiyo maana dawa hupitia mshipani, dozi kubwa, kwa kawaida wiki nne hadi sita.

Na huo wingi wa madaktari ndiyo tiba yenyewe. Wa moyo anatazama kwa eko, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, tonge lina ukubwa gani na valvu inavuja kiasi gani. Maabara inamtaja bakteria na dawa inayomuua. Wa meno yupo kwa sababu bakteria wengi wa namna hii hutokea kinywani. Jino bovu likiachwa, mwakani mtarudi wodini. Wa figo anakuja kwa kuwa ugonjwa wenyewe huzidhuru figo, na jentamaisini, antibayotiki ya sindano, ikitumika, hudhuru figo na masikio pia. Daktari wa upasuaji naye anapaswa kumjua mgonjwa mapema, kwa maana safari ya kubadilishiwa valvu Dar es Salaam haipangwi usiku wa manane mtu akiwa anahema kwa taabu. Mimi hunitia hofu mgonjwa wa valvu mwenye daktari mmoja tu.

Sasa zile sindano tano. Hapa uniwie radhi, uvumilivu wangu ni mdogo. Damu ya kuotesha bakteria huchukuliwa kabla ya antibayotiki, mara tatu, sehemu tofauti za mwili. Sindano chache za antibayotiki kama seftriaksoni zinatosha kuwanyamazisha wasiote maabara, lakini hazitoshi kuwaua. Matokeo yanarudi tupu, na jopo zima linabaki kukisia. Na hiyo "taifodi" ilionekana kwa kipimo gani? Kile cha tone la damu huwapa watu wengi taifodi wasiyokuwa nayo.

Mwenye valvu mbovu, au ya bandia, akipata homa ya siku kadhaa isiyoeleweka, asiguse antibayotiki ya dukani. Aende hospitali aseme, "Nina ugonjwa wa valvu, nichukueni damu ya kuotesha." Akiwa amezidiwa, watachukua damu na kuanza dawa saa hiyo hiyo. Asikatwe kimeo. Asing'olewe jino na fundi wa mnadani. Kwa daktari wa meno, aliyewahi kuugua ugonjwa huu hupewa dozi ya amoksisilini kabla ya kung'olewa.

Wapo wanaomalizia kwa vidonge, ni kweli. Utafiti mmoja wa Denmaki ulijaribu hivyo kwa wagonjwa 400, lakini walikuwa wametulia, bakteria wao wanajulikana, wameshapata dawa ya mshipani siku zisizopungua kumi, na walirudi kuangaliwa mara kwa mara. Uliza wodini kama mdogo wako anafaa. Wakisema hapana, mpelekee mswaki mpya na shuka la pili.