Amsterdam wanaacha gesi, mimi ninunue mtungi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mpwa wangu yuko Amsterdam, anasema manispaa ilijiwekea lengo nyumba ziachane na gesi ifikapo 2040. Huku tunahimizwa tuache mkaa, tuhamie gesi. Nani anadanganywa? Mama wa Tabata.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hadanganywi mtu. Mpwa wako gesi anapashia nyumba miezi yote ya baridi. Wewe Tabata joto unalifukuza kwa feni! Waholanzi walichimba gesi Groningen mpaka ardhi ikatetemeka na kuta zikapasuka. Uchimbaji ukasitishwa 2023. Tangu Julai 2018 nyumba mpya kwa kawaida haziungwi gesi. Wengine huletewa maji ya moto kwa mabomba ya mtaa, wengine huweka pampu ya joto. Hiyo ni friji iliyogeuzwa: gusa mgongo wa friji lako, lile vuguvugu ndilo wanalolitaka sebuleni.

Wewe adui yako ni moshi. Nunua mtungi. Mimi maharage nachemsha kwa jiko la presha la umeme, chapati kwa gesi. Samaki wa kupaka, nakiri, bado namchoma kwa mkaa.