Anti Anajibu: Tulikutana Kwenye Treni, Hata Jina Sikumuuliza

Toleo lililopita niliwaomba mnitumie visa vyenu vya watu msiowajua mliokutana nao ndani ya treni za chini ya ardhi, na jamani mmeandika! Siwezi kuwajibu wote, wengine mmejaza kurasa tatu kabla hamjafika hata kwenye swali lenyewe. Hizi nimezichagua na kuzifupisha kidogo, majina yenu halisi nimeyaacha pembeni.

Anti shikamoo. Usiku mmoja nilikuwa kwenye metro natoka kazini, dada mmoja kakaa mbele yangu analia kimyakimya na behewa zima linajifanya linaangalia simu. Nilikuwa na pakiti ya tishu nikampa bila kusema neno, akachomoa moja akanirudishia pakiti, mi nikamrudishia mkononi, akanirudishia tena, mwisho tukaanza kucheka wote wawili kama wajinga. Kituo kilichofuata akashuka. Mpaka leo nikipanda namtafuta kwenye behewa lile lile, mume wangu anasema nimechanganyikiwa. Nina tatizo? – Mama Tishu

Marahaba mwanangu. Huna tatizo lolote, na mumeo mwambie Anti kasema.

Hebu fikiria mle ndani mnavyokaa, magoti karibu yagusane na mtu ambaye hujui hata anaitwa nani, mnavuta hewa moja, na bado sheria ambayo hakuna aliyeiandika inataka mjifanye hamuonani. Mwanasosholojia Erving Goffman aliieleza tabia hii mwaka 1963, kwamba unamtupia mwenzio jicho mara moja kuonyesha umemuona halafu unaliondoa, na hapo ndo umemheshimu. Sasa kwa sababu kila mtu anaifuata kila siku, siku mmoja akiivunja hata kwa tishu tu inakaa kichwani miaka. Na kwenye kisa chako kilichonigusa mimi ni lile zoezi la pakiti kwenda na kurudi, maana kumpa mtu tishu ni msaada ambao yeyote angetoa, ila mkishaanza kugombea pakiti hapo mmeshazoeana, mnataniana, na hamjaambiana hata "habari".

Halafu kuna hili la kumtafuta. Mwaka 1972 Stanley Milgram, yule mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kuhusu watu tunaowaona kila siku bila kuongea nao, wanafunzi wake walikuwa wamepiga picha abiria wanaosubiri treni asubuhi kituoni, wiki iliyofuata wakawapelekea abiria hao hao zile picha, na wengi wakawatambua wenzao ambao hawajawahi kuwasalimia hata siku moja. Wengine walikuwa wamewawaza sana hao watu, wanajiuliza wanafanya kazi gani, wanaishi na nani. Tatizo ni kwamba mkishanyamaziana muda mrefu kuvunja ukimya kunakuwa kugumu zaidi, hata ukitaka kumuuliza saa unaona heri umuulize mtu mwingine. We na yule dada mmekwenda kinyume kabisa, mmeanzia kwenye machozi mkamalizia kwenye kicheko, salamu mkazisahau.

Mtafute tu, haidhuru. Ila ukimuona usianze na "siku ile ulikuwa unalilia nini", mtolee tishu, atakumbuka mwenyewe.

Anti mambo, mi ni mtu wa stori sana lakini nikipanda treni kila mtu ana hedifoni masikioni, nikijaribu kuongea wananiangalia kama nataka kuwaibia. Ni ushamba kuongea na watu kwenye treni? – Mdomo Wazi

Poa mwanangu. Ushamba hapana, ila soma mtu kwanza. Kuna utafiti wa Nicholas Epley na Juliana Schroeder wa mwaka 2014 uliofanywa Chicago, abiria wengine waliambiwa waongee na mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya peke yao, wengine wafanye kama kawaida yao, na walioongea ndo waliosema safari yao ilikuwa nzuri zaidi. Kinachochekesha ni kwamba watu walipoulizwa wabashiri, walidhani kuongea ndo kutawaharibia safari. Yaani kila mtu anaona mwenzake hataki kusumbuliwa, na mwenzake naye anamuwazia hivyo hivyo, wote mnafika kwenu mmenuna.

Lakini usikimbie na hilo ukaenda kumkalia mtu shingoni. London mwaka 2016 mtu mmoja aligawa beji zinazouliza kama uko tayari kupiga stori kwenye treni, na wenyeji walikasirika kweli, wapo waliotengeneza beji za kujibu kwamba hata usithubutu. Mi nawaelewa. Mtu ametoka kazini amechoka, zile dakika za kwenye treni ndo peke yake hakuna anayemtuma kitu.

Kwa hiyo ongelea kitu ambacho wote wawili mnakiona, treni imesimama katikati ya handaki, tangazo halieleweki, mtoto wa mtu amelala mdomo wazi. Akikujibu neno moja akarudi kwenye simu yake, imeisha hiyo, usiulize la pili. Mwenye hedifoni muache, isipokuwa kadondosha kitu.

Shikamoo Anti, magoti yananisumbua lakini kwa kuniangalia naonekana mzima. Naona aibu kuomba siti. – Goti Bovu

Marahaba. Omba! Huyo huyo Milgram miaka ya 70 aliwatuma wanafunzi wake kwenye treni za New York waombe siti bila kutoa sababu yoyote, na zaidi ya nusu ya walioombwa walisimama wakawapisha. Waliopata shida ni waombaji, Milgram mwenyewe alipojaribu maneno yalimkwama kooni, na alipopewa siti akajikuta inabidi ajifanye mgonjwa ili aonekane alistahili. We sababu unayo tena ya kweli, sema "samahani, magoti yananiuma, naomba nikae", na mwangalie mtu mmoja usoni, ukiliomba behewa zima kila mtu atadhani anaambiwa jirani yake.

Anti, kuna msichana tulitazamana vituo vinne, akatabasamu, akashuka. Nilimpiga picha kwa siri. Nataka kuiposti mtandaoni watu wanisaidie kumtafuta. – Moyo Umeshuka Naye

Khaa! Hiyo picha ifute kwanza halafu urudi tuongee.

Umefuta? Haya. Tabasamu alikupa wewe, hakuwapa watu wote wa mtandaoni. Hujui kama ameolewa, hujui kama kuna mtu anamkimbia, hujui kama alitabasamu kwa sababu ulikuwa unamkodolea macho akaona ni salama zaidi kutabasamu, na hilo la mwisho, mwanangu, wanawake tunalifanya sana. Kuna mpiga picha Mmarekani, Walker Evans, aliyewapiga picha abiria wa New York kati ya mwaka 1938 na 1941 kamera kaificha ndani ya koti, picha nzuri mno, lakini hata yeye kitabu chake chenye picha hizo kilikuja kutoka mwaka 1966, miaka mingi imepita. We unataka kuposti leo jioni.

Ukishindwa kabisa kulala fanya kama kijana mmoja wa New York mwaka 2007, yeye alimuona msichana kwenye treni, akakosa ujasiri, akaenda nyumbani akachora katuni yake na nguo alizovaa na ua kichwani akaiweka mtandaoni. Katuni haimuanikii mtu sura, mwenyewe akijitambua na akitaka atajitokeza, na asipotaka anacheka anaendelea na maisha yake. Yule alipatikana baada ya siku chache tu. Wakatoka pamoja kidogo wakaachana, nakuambia mapema ili usianze kununua pete.

Anti, mi sijawahi kuongea na mtu kwenye treni hata mara moja, ila ile sauti ya matangazo naipenda mpaka nahisi namjua mwenye nayo. Nicheke au nilie? – Masikio

Ngoja nikupe kisa cha kweli. London, kituo cha Embankment, kulikuwa na tangazo la kuwakumbusha abiria waangalie uwazi kati ya treni na jukwaa, lenye sauti ya mwigizaji aliyeitwa Oswald Laurence. Alifariki mwaka 2007. Mjane wake akawa anakwenda kituoni, anakaa jukwaani, treni anaiacha ipite ili tu amsikie mumewe tena. Mwaka 2012 akaenda akakuta sauti imebadilishwa, akaulizia, wafanyakazi wakaitafuta ile rekodi ya zamani, wakampa nakala, na mwaka 2013 wakairudisha sauti pale Embankment. Sasa fikiria ni abiria wangapi walipita karibu na yule mama amekaa peke yake hapandi treni, wakadhani amepotea.

Penda sauti yako, mwanangu.

Anti, wanamuziki wanaopiga kwenye vituo, ni lazima kuwapa hela? Naona aibu kupita. – Mfuko Mtupu

Lazima hapana, kusikiliza ni bure. Tarehe 12 Januari 2007 mpiga fidla maarufu duniani, Joshua Bell, alivaa kofia akapiga fidla yake ya mwaka 1713 kwenye kituo cha L'Enfant Plaza jijini Washington kwa dakika 43 hivi. Walipita watu zaidi ya elfu moja, waliosimama kusikiliza walikuwa saba tu, akaondoka na dola 32 na senti. Waliokuwa wanageuka na kutaka kusimama ni watoto, wazazi wakiwavuta mkono. Mi siwalaumu wale wazazi, ilikuwa asubuhi, kazini hakuna anayekupokea na sababu ya fidla. Kama huna hela mpe macho yako sekunde mbili na utikise kichwa.

Shikamoo Anti. Niliona mzee ameyumba ukingoni mwa jukwaa, kijana mmoja akamvuta koti. Mimi niliganda. Je, angeanguka ningetakiwa kuruka? – Miguu Mizito

Marahaba. Usiruke. Najua utaniambia Wesley Autrey, yule fundi ujenzi wa New York ambaye Januari 2007 aliacha binti zake wawili jukwaani akarukia relini kumfuata kijana aliyepatwa na kifafa, akamlalia kwenye mtaro ulio katikati ya reli na mabehewa yakapita juu yao, wote wakatoka hai. Ni shujaa haswa. Ila pale chini kwenye treni nyingi kuna reli ya tatu yenye umeme wa kuua, na treni haisimami kama baiskeli. Piga kelele, tafuta kitufe cha dharura au simu ya jukwaani, mmoja akimbilie wafanyakazi, wengine mpungie dereva mikono kutoka upande treni inakotokea. Na kuganda kunampata kila mtu, ndo maana uangalie kile kitufe kilipo siku ambayo hakuna shida, ukiwa unasubiri tu.

Anti, kuna mwanaume kila asubuhi anahamia siti ya karibu yangu, anauliza naishi wapi, nafanya kazi wapi. Watu wananiambia nisiwe na maringo, anaongea tu. – Nimechoka

Hao watu si wao wanaokaa karibu naye. Stori zote nilizozisifia huko juu zilikuwa za watu wawili wanaotaka, na yeyote kati yao angeweza kuinuka muda wowote, hii yako haimo. Badilisha behewa, tena panda lile lenye watu wengi au la karibu na dereva, na kwenye miji kama Cairo na Tokyo yapo mabehewa ya wanawake, yatumie bila kumuomba mtu ruhusa. Usimwambie unapoishi hata kwa utani, na akikufuata pita kituo chako ushukie penye wafanyakazi. Halafu andika siku, saa, na namba ya behewa, mara nyingi imeandikwa ukutani humo ndani, uwapelekee polisi au ofisi ya kituo. Ukishapeleka niandikie walikujibu nini.