Mwanangu, kuhusu Robert Walpole na mashamba ya Norfolk

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lako nimekaa nalo siku kadhaa: je, Robert Walpole, ambaye Waingereza humhesabu kuwa Waziri Mkuu wao wa kwanza, alipanda kwa akili yake mwenyewe au alibebwa na ukoo na ardhi?

Naanza na msiba. Walpole alizaliwa Houghton, Norfolk, mwaka 1676, akiwa mtoto wa kiume wa tatu, na alikuwa akisoma Cambridge kwa nia ya kuwa kasisi. Kaka yake mkubwa alipofariki mwaka 1698, aliitwa nyumbani kujifunza usimamizi wa mashamba. Na baba yao alipofariki mwaka 1700, alirithi ardhi pamoja na kiti, kwani mwanzoni mwa 1701 aliingia Bungeni kupitia jimbo lile lile la Castle Rising lililokuwa la baba yake. Hapo, mwanangu, alibebwa. Wapigakura wa jimbo kama lile walikuwa wachache, na mwenye ardhi ndiye aliyewashika.

Hata hivyo, ukoo haukumkinga mwaka 1712, wapinzani walipomtia hatiani kwa rushwa, wakamfukuza Bungeni na kumfunga kwa miezi kadhaa katika ngome ya Tower of London. Kilichomrudisha juu ni ujuzi wa fedha: hisa za kampuni ya South Sea zilipoporomoka mwaka 1720 na kuwafilisi wengi, yeye ndiye aliyeaminiwa kutuliza mambo, akaishika Hazina tangu 1721 hadi 1742. Tena, na hili naona hupitwa haraka mno, muda wote huo alibaki katika Bunge la Makabwela, kwa sababu alijua kwamba kodi hupitishwa pale. Alijua pia kurudi nyuma: mwaka 1733 aliuondoa mwenyewe muswada wa ushuru wa mvinyo na tumbaku baada ya watu kuukataa.

Kwa upande wa familia, siwezi kumsifu. Wanawe aliwapa vyeo vya serikali vyenye malipo mengi na kazi kidogo. Shemeji yake Townshend, mume wa dada yake Dorothy, alikuwa mshirika wake wa miaka mingi, kisha wakafarakana, naye akajiuzulu mwaka 1730 na kurudi kwenye kilimo chake huko Raynham. Mali aliyoipata madarakani Walpole aliimimina katika kasri jipya la Houghton, lililoanza kujengwa mwaka 1722, na katika picha za wachoraji wakubwa wa Ulaya. Alipofariki mwaka 1745 aliacha madeni mazito. Mwaka 1779 mjukuu wake George aliziuza picha hizo kwa Malkia Catherine wa Urusi, na nyingi zingali St Petersburg hadi leo. Horace, mwana wa kiume mdogo kuliko wote wa Walpole, alikuwa bado hai, na aliumia sana kuona kuta za baba yake zikiachwa tupu.

Ni mimi,
Baba yako