Folda zenye alama ya kuuliza: kupanga kazi ya picha za RAW

SWALI: Napiga picha za harusi upande wa wanawake hapa Lamu. Kamera yangu ni ya megapiseli 24, napiga RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata) na kuhariri kwa Lightroom Classic kwenye Windows. Juzi folda zote za diski ya nje zilitokea na alama ya kuuliza. Nikaziondoa kwenye programu, nikaziingiza upya, na kazi yote ya kuhariri ikatoweka. Nipange vipi yasitokee tena, na picha za kina mama zisivuje?

JIBU: Dada yangu, kwanza usihariri chochote upya, kwa sababu huenda kazi yako bado ipo.

Lightroom haigusi data iliyomo ndani ya faili la RAW. Marekebisho yako ni maagizo tu, nayo yanaandikwa kwenye katalogi, yaani faili la kumbukumbu la Lightroom, pamoja na anwani ya kila picha. Kwenye Windows, diski ya nje iliyokuwa E ikichomekwa baada ya flashi nyingine inaweza kupewa herufi F. Picha ziko palepale, ila anwani imebadilika, ndipo alama ya kuuliza inapotokea. Ulipoziondoa folda, uliyafuta pia maagizo yaliyokuwa kwenye katalogi.

Funga programu. Karibu na faili la katalogi pana folda iitwayo Backups, na ndani yake folda ndogo zenye tarehe. Chukua ya mwisho kabla ya siku ile, ifungue kutoka kwenye zipu na uinakili mahali pengine, wala usiiweke juu ya katalogi ya sasa. Ifungue. Alama ya kuuliza ikiwepo, bonyeza folda ya juu kabisa kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua amri ya kutafuta folda iliyopotea, kisha uielekeze ilipo. Folda zilizo chini yake zitafuata. Harusi ulizofanya baada ya tarehe hiyo utazileta kwa amri ya kuingiza kutoka katalogi nyingine.

Kisha ipe diski herufi ya kudumu katika sehemu ya Windows ya kusimamia diski. Chagua ya mbali, mfano P, isigongane na flashi. Tangu hapo kila unapotaka kuhamisha folda au kubadili jina lake, fanya ndani ya Lightroom. Washa pia, katika mipangilio ya katalogi, uandishi wa XMP wa moja kwa moja, kwani kwa kawaida huwa umezimwa. Kila RAW itapata faili dogo pembeni lenye marekebisho yake. Makusanyo (picha ulizozikusanya pamoja ndani ya programu) na nakala pepe (matoleo mengine ya picha ileile) haviingii humo, kwa hiyo XMP haichukui nafasi ya nakala ya katalogi. Na nakala ya katalogi haina picha hata moja! Wengi huliona hilo siku diski inapokufa.

Kwa picha zenyewe, piga hesabu hivi: RAW ya megapiseli 24 iliyobanwa bila kupoteza data ni kama MB 30. Harusi ya picha 1,200 ni GB 36 hivi, na unahitaji diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Nunua zile ndogo zinazopata umeme kupitia USB. Diski yenye adapta yake huzimika papo hapo umeme ukikatika, na ikiwa inaandika, faili huharibika. Zitunze kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, maana hewa ya chumvi hula viungio. Wakati wa kuingiza, chagua kunakili na uyape mafaili majina ya tarehe na shughuli, kama 20250614_hina_0001. Namba za kamera hurudi mwanzo zikifika 9999, na majina hugongana. Kadi usiifomati mpaka umezifungua picha kadhaa kutoka kila diski, na uifomati ndani ya kamera.

Kuvuja ndiko kunakotaka uangalifu zaidi, kwani mama aliyekaa bila buibui usiku wa hina amekuamini wewe. Hata ukichomoa diski, katalogi iliyobaki kwenye laptopu ina picha za hakikisho, na yeyote anayeifungua ataziona. Basi shughuli za wanawake zipe katalogi yake, uiweke pamoja na picha kwenye diski iliyofungwa kwa nenosiri, na diski zote mbili uzifunge hivyo. VeraCrypt ni programu ya bure na inaifanya kazi hiyo. Kontena lake, yaani sehemu iliyofungwa inayofunguka kama diski, nalo lipe herufi ileile kila mara. Zima usawazishaji wa mtandaoni kwa katalogi hiyo, na ukague kama Windows haipakii folda zako yenyewe.

Katika kuhariri, hariri picha moja kwa kila chumba na kila aina ya taa, kisha unakili mipangilio kwa nyingine zote, isipokuwa kukata na marekebisho ya sehemu. Kadi ya kijivu ukiipiga mara moja kila taa zinapobadilika itakuokolea saa nzima ya kupapasa rangi. Angalia dhahabu ya bibi harusi: chini ya taa za manjano, nyekundu huungua (hupoteza maelezo kwa mwanga kuzidi) kabla ya rangi nyingine, na histogramu ya jumla, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, inaweza kuonyesha salama. Tumia ile ya rangi tatu. Hata hiyo huhesabiwa kutoka JPEG, picha iliyokwisha kuchakatwa na kamera, kwa hiyo RAW huwa na akiba zaidi kidogo kuliko inavyoonyesha.

Ukitoa picha za kutazamwa kwenye simu, tumia mfumo wa rangi wa sRGB, upande mrefu piseli 2048. Mfumo mwingine, Adobe RGB, hupauka kwenye simu nyingi. WhatsApp hubana picha, basi zitume kama hati, na kwa bibi harusi mwenyewe, kamwe si kwenye kundi.