Jino la dada yangu na homa isiyokwisha

Sisi Pemba jino likiuma tunakimbilia karafuu. Unaipachika kwenye tundu, ganzi inaingia, unaendelea na shughuli zako. Dada yangu alikaa hivyo miezi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchotea hizo karafuu jamvini. Maumivu yakatulia. Bakteria wakabaki palepale.

Nyumbani sote tulijua kuwa dada ana valvu mbovu ya moyo, yaani kile kilango kinachopitisha damu, tangu alipougua homa ya baridi yabisi akiwa skuli. Kwamba meno nayo yamo, hilo hatukuwa nalo habari. Kumbe fizi mbovu huachia bakteria kwenye damu hata mtu akitafuna tu. Mwenye moyo mzima, mwili wake huwamaliza upesi. Penye valvu yenye kovu hupata pa kunata, wakazaana na kuila.

Zikaja homa za jioni, jasho la usiku mpaka shuka inaloa, mwili ukakonda. Kapimwa malaria mara tatu, hana. Tukanunua antibiotiki duka la dawa. Homa ikashuka siku tano, ikarudi. Hapo ndipo ninapojilaumu hadi leo, kwa sababu dawa za kubahatisha huwaficha bakteria, damu ikioteshwa maabara, yaani ikiwekwa ili bakteria wakue, wasionekane. Mwenye valvu mbovu akishikwa na homa isiyo na sababu, mpelekeni hospitali atolewe damu ya kuotesha kabla hajameza antibiotiki yoyote. Na mtaje moyo wake mapema, msingoje kuulizwa.

Tulivuka hadi Dar es Salaam. Kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonesha donge la bakteria limeng'ang'ania valvu. Daktari alituambia kipande kikikatika kikapanda kwenye ubongo, humpooza mtu. Wiki 6 za dawa kupitia mshipa, nami nimelala chini pembeni ya kitanda chake. Alipona, ila valvu inavuja zaidi ya mwanzo.

Mwenye valvu bandia, au aliyewahi kupata maambukizi haya, amwambie daktari wa meno kabla ya kung'oa. Kwa kawaida mtu mzima hupewa amoksilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla. Asiyepatana na penisilini, jamii ya dawa hiyo, aseme. Wagonjwa wengine wa moyo wamuulize daktari wao. Lakini jino bovu msiliache kwa kuogopa koleo.

Dada sasa anapiga mswaki asubuhi na usiku. Ramadhani hupiga baada ya daku, kabla ya adhana ya alfajiri, na mimi humwamsha.