Adui wa Franco hakuwa Tabu Ley

Wiki hii mmeuliza kama mtu mnayegombania naye riziki moja anaweza kuwa rafiki yako wa kweli. Mi nitajibu kwa muziki wa Kongo, maana ndo ishu pekee ninayoweza kubishana nayo mpaka asubuhi, na ndo iliyogombanisha mtaa wetu.

Nimekulia Ujiji. Baba mdogo alikuwa Franco damudamu, yule mpiga gitaa na mwimbaji wa Kongo, haambiwi kitu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi cherehani, na yeye ni wa Tabu Ley, mwimbaji wa hukohuko Kongo, ila alipenda kumwita Rochereau, analivuta lile jina kama anavuta uzi. Hawa wawili waliheshimiana vizuri tu, wanazikana, wanapelekeana futari, lakini ikifika kwenye muziki ni moto. Baba mdogo anasema Franco ni mzee wa baraza, akiimba ni kama anakusema wewe na mkeo mbele ya watu, na lile gitaa analing'oa kwa vidole mpaka linalia. Fundi anasema huyo Franco wako anaongea tu haimbi, mwimbaji ni Rochereau, sauti nyembamba inapanda juu bila kutoka jasho. Na wote walikuwa sahihi, ndo ubaya wenyewe.

Sasa siku moja ikaingia kaseti kutoka Kalemie, Kongo ng'ambo ya ziwa, imekuja na boti, karatasi ya juu imeandikwa kwa kalamu majina yote mawili. Franco na Rochereau. Pamoja! Baba mdogo akadhani ni mtu kachanganya nyimbo za huku na kule kwenye kanda moja. Wakaiweka kwenye redio ya fundi, cherehani ikasimama, sisi watoto tumejazana mlangoni, na nakumbuka kila mmoja alikuwa ameinamisha sikio upande wake anasubiri mtu wake ashinde. Anaingia Tabu Ley, fundi anatabasamu. Anaingia Franco na ile sauti nzito, baba mdogo anapiga paja. Ikafika sehemu wanapokezana mpaka hujui nani kamtangulia nani, basi wote wawili wakanyamaza. Fundi ndo akasema, "Jirani, hawa watu kumbe hawajagombana."

Ilikuwa ni ile kazi waliyorekodi 1983. Moja ya zile nyimbo inaitwa Lisanga ya Banganga, na kwa sisi wa Kiswahili hata mkalimani haihitaji sana, banganga ni waganga, kwahiyo ni mkutano wa waganga. Waganga wakikutana hawagombani, wagonjwa ndo wanaogombana kila mtu akisifia wa kwake.

Lakini msinielewe vibaya, ushindani ulikuwepo na ulikuwa wa kweli. Bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele, yule Grand Kallé, ilianza 1953, OK Jazz, bendi ya Franco, ikaja 1956 Franco hata miaka 18 hajafikisha, na tangu hapo Kinshasa ikawa na madrasa mawili ya muziki. Tabu Ley katokea kwa Kabasele. Baadaye akiwa na bendi yake ya Afrisa na Franco na OK Jazz yake ikawa ni kunyang'anyana waimbaji, Sam Mangwana alivyohama kwa Tabu Ley kwenda kwa Franco 1972 mashabiki walimwita msaliti, yaani kama vile mchezaji katoka Simba kaenda Yanga mchana kweupe. Ndombe Opetum naye akaja kufuata njia hiyohiyo. Ukinyang'anywa waimbaji wa namna hiyo afu bado ukaingia studio moja na aliyekunyang'anya, we una moyo. Au una akili ya biashara, sitaki kuwa mjinga hapa, kaseti yenye majina yale mawili ilinunuliwa na kambi zote mbili, hata baba mdogo na fundi walichanga.

Ila kuna wimbo mmoja wa kipindi kilekile unaonifanya niamini haikuwa hela tu. Kabasele alifariki Februari 1983, na hawa wawili wakamwimbia wimbo wa kumkumbuka. Tabu Ley sawa, alikuwa mwalimu wake. Lakini Franco? Kwake Kabasele ndo alikuwa mkuu wa madrasa ya pili! Ingawa hata huko mwanzo hawakuwa na ukuta kama tunavyodhani, 1960 Kabasele alipokwenda Brussels kwenye ule mkutano wa uhuru wa Kongo, kule ulikozaliwa wimbo wa Indépendance Cha Cha, alikwenda na watu wa OK Jazz ndani yake, Vicky Longomba na Brazzos.

Sasa jibu langu lenyewe. Kwa nilivyowafuatilia hawa watu, mshindani wa nje anaweza kuwa rafiki bila shida kubwa. Mgumu ni yule mliyekula sahani moja. Franco na Tabu Ley hawakuwahi kukaa bendi moja, kwahiyo hakuna aliyekuwa na deni la zamani kwa mwenzie, hakuna wa kusema huyu mi ndo nilimtoa kijijini. Angalia walioanza pamoja. Tabu Ley na mpiga gitaa Dr Nico waliondoka kwa Kabasele 1963 wakiwa kitu kimoja, wakaanzisha African Fiesta, miaka miwili mitatu tu chali, kila mtu na Fiesta yake. Bendi ya Wenge Musica ndo msiseme. JB Mpiana na Werrason walipasuka mwisho wa 1997, vijana wa Kinshasa wakagawanyika mtaa kwa mtaa, mpaka kuwaona wote jukwaa moja pale Stade des Martyrs ilikuwa Juni 2022. Miaka ishirini na ushee! Franco kwa Tabu Ley hakuhitaji hata mpatanishi. (Najua mtanitajia Mangwana, aliondoka kwa Franco na bado akarudi kurekodi naye, sawa, huyo ni ndege hana kiota, tumuache.)

Franco alifariki 12 Oktoba 1989 huko Ubelgiji, Zaire ikaomboleza siku nne. Kwetu Ujiji fundi alifunga duka mchana, akavuka barabara amevaa kanzu, akamkuta baba mdogo barazani, akampa mkono na kumwambia, "Jirani, pole sana kwa msiba." Hakucheka. Wakakaa pale mpaka magharibi, na redio hawakuiwasha.

Tabu Ley akafuata Novemba 2013, Brussels, Ubelgiji hukohuko. Fundi alikuwa ameshatangulia kitambo, duka lake sasa hivi wanauza vocha. Baba mdogo alinipigia simu usiku, nikajua kuna mgonjwa nyumbani. Akasema hapana, mgonjwa hakuna, ila Rochereau amekufa na nina pole ya mtu hapa sijui niipeleke wapi.